Kelele ya nyuma sio lazima difu: pimeni kwanza ekseli ya nyuma ya Datsun Z

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma ile makala ya ukurasa wenu wa magari kuhusu kununua gari za michezo za zamani, ile yenye picha ya Datsun 240Z, na kwa upande wa bodi mmejitahidi, mmesema kutu ya sakafuni na chini ya betri, mmesema kabureta mbili na injini ya silinda sita, safi kabisa. Ila mlipofika nyuma ya gari mkamaliza kwa mstari mmoja tu, kwamba ukisikia kelele au gari inagonga ukikanyaga mafuta basi difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli ya nyuma linalopeleka nguvu kwenye tairi, imekwisha, tafuta nyingine. Hapo sijakubali na ndio maana naandika, maana huo mstari mmoja ndio unaofanya watu washushe difu nzima wakati ugonjwa uko pengine kabisa, ni sawa na kung'oa jino kwa sababu sikio linauma, afu difu nyingine inafungwa na ile kelele iko palepale na fundi anaanza kusema hii nayo mbovu leta nyingine.

Mimi ni fundi hapa Arusha, kazi ya kila siku ni Toyota kama mafundi wote, ila gari za zamani zinaletwa pia na hizo Z, yaani hizo 240Z, zikija huwa napenda kuingia mvunguni mwenyewe. Sio nyingi hapa kwetu lakini heshima yake ni kubwa na vijana wengi wa sasa hawajui kwa nini. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari kwa 240Z, na wa pili alikuwa Shekhar Mehta naye kwa 240Z hiyohiyo, kisha 1973 Mehta akashinda mwenyewe akiwa na Lofty Drews, tena walilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS ikabidi wawatenganishe kwa kanuni. Kwa hiyo mtu akikwambia ekseli ya nyuma ya Z ni laini haiwezi barabara zetu, huyo hajui historia. Inaweza, ila ina viungo vingi na kila kiungo kina mpira wake au beringi yake, na hizi gari sasa zina zaidi ya miaka 45, mpira wa umri huo hata kama gari ilikaa gereji bila kutembea umeshakufa.

Tuanze na jinsi ilivyo maana bila hapo hamtanielewa. Nyuma ya Z sio ile ekseli moja ya bomba kama ya pikapu, kila tairi inajitegemea. Difu imefungwa kwenye bodi haipandi wala haishuki na tairi, kutoka difu zinatoka hafu shafti mbili, kila moja ina krosi mbili, yaani viungo vya msalaba vinavyoruhusu shafti kupinda, moja ndani moja nje, na katikati ina meno yanayoteleza kwa gololi ili shafti irefuke na kufupika tairi inapopanda na kushuka. Huko nje kuna shafti fupi inayopita kwenye beringi mbili ndani ya nguzo ya shokapu, na chini ya hiyo nguzo kuna amu moja pana, yaani mkono wa chuma, ambayo kwa ndani imeshikwa na bushi mbili za mpira, ya mbele na ya nyuma, na kwa nje imeshikwa na pini ndefu inayopita tumbo la nguzo ya shokapu na bushi zake huku na huku. Difu yenyewe pua yake ya mbele imekalia mpira juu ya kipande cha chuma kinachopita chini, juu ya pua kuna mkanda wa kuizuia isiruke, na mgongo wake umefungwa kwenye chuma kilichopinda kama masharubu ambacho ncha zake mbili zina bushi kubwa. Sasa wewe hesabu mwenyewe sehemu zinazoweza kulegea hapo, ukishamaliza ndio uniambie kwa nini unaanza na difu.

Kabla ya jeki, iendeshe. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, tembea mwendo wa wastani, sikiliza. Mvumo unaotokea ukikanyaga mafuta na kubadilika ukiachia mafuta, hapo ndio angalau una haki ya kuishuku difu, kwa sababu meno ya kraunwili na pinioni, ile gia kubwa na ile ndogo inayoizungusha ndani ya difu, yanagusana upande mmoja ukivuta na upande mwingine gari ikikusukuma. Mvumo usiojali mafuta lakini unaongezeka ukikata kona kushoto na kupungua ukikata kulia, hiyo mara nyingi ni beringi ya tairi ya kulia, uzito wa gari umeiangukia, na kinyume chake vilevile. Mvumo unaobadilika ukitoka lami kuingia lami nyingine hiyo ni tairi zenyewe wala usisumbuke. Mlio wa kuchichiza kama panya mwendo mdogo, unaofuata mzunguko wa tairi, mara nyingi ni krosi iliyokauka grisi. Na ule mlio mmoja mzito wa kugonga, gu, ukiachia klachi au ukitoka rivasi kwenda mbele, huo ndio unaowatisha watu na ndio huohuo wenye wazazi wengi, unaweza kuwa mpira wa pua ya difu, bushi za yale masharubu, krosi, meno ya hafu shafti, hata jeki iliyoachwa inazunguka kwenye buti. Msicheke, toeni kila kitu kwenye buti kabla ya kusikiliza, pamoja na tairi ya spea kama haijabanwa.

Kuna dalili nyingine watu wanaipuuza. Ukikanyaga mafuta gari inajivuta upande mmoja na ukiachia inajivuta upande wa pili, usukani umeushika palepale, yaani nyuma inajiongoza yenyewe. Hizo ni bushi za amu, tairi inakaa kwa pembe moja ikivuta na pembe nyingine ikiachiwa. Na angalieni tairi zinavyolika, maana Z kutoka kiwandani haina sehemu ya kurekebisha pembe za tairi za nyuma, hakuna nati wala shimu ya kazi hiyo, kwa hiyo kama mashine ya alaimenti inaonyesha nyuma imekaa vibaya basi kuna bushi imekufa au kuna chuma kimepinda, na yule anayekwambia acha gari nikuwekee nyuma sawa jioni uje uchukue, muulize ataikaza wapi.

Haya sasa jeki. Ukinyanyua kwa nyuma wengi wanaweka jeki chini ya difu, inakubali, ila ukishanyanyua weka stendi chini ya bodi yenyewe mahali penye nguvu pande zote mbili na uiteremshe ikalie stendi, usiingie mvunguni gari ikiwa juu ya jeki peke yake, najua tunafanya, tuache. Tena ukiacha jeki inaisukuma difu juu utakuwa umeubana ule mpira wa pua ambao ndio unataka kuupima, utaonekana mzima wakati umepasuka.

Shika tairi juu na chini uitikise, afu ishike kushoto na kulia uitikise. Ikicheza, usikimbilie kusema beringi. Mwite mwenzako atikise wewe uangalie kwa ndani na tochi, uangalie dramu ya breki na lile bamba la nyuma yake. Dramu ikisogea huku bamba limetulia, mchezo uko kwenye beringi. Dramu na bamba vikisogea pamoja kama kitu kimoja, beringi haina kosa, mchezo uko chini kwenye pini na bushi, au juu kwenye shokapu, na hapo fuata kwa kidole, weka kidole kwenye kiungo kati ya vyuma viwili mwenzako aendelee kutikisa, kidole kinasikia kuliko jicho. Ikicheza juu na chini tu, angalia shokapu, fimbo yake ikilegea kwenye koo au ile nati kubwa ya juu ya bomba ikiachia basi kila jiwe unasikia kok kok, na watu wameshabadilisha beringi kwa kelele hiyo. Ikicheza kushoto na kulia tu, bushi za amu zina maelezo ya kutoa.

Kwa beringi kuna jambo moja limeharibu gari nyingi na ningeomba mliandike siku moja kwa herufi kubwa. Beringi za nyuma za Z hazirekebishwi kwa kukaza nati. Sio kama beringi za mbele ambazo unakaza, unaachia kidogo, unafunga pini. Huku nyuma kati ya beringi ya ndani na ya nje kuna bomba la kuzitenganisha, urefu wake umechaguliwa kiwandani kulingana na hiyo nguzo, na ndio linaloamua beringi ziwe na nafasi kiasi gani. Kitabu cha fundi kinaruhusu shafti isogee ndani na nje sifuri mpaka milimita 0.15 tu, yaani kwa mkono hutakiwi kuhisi kitu cha maana, ukitaka uhakika unahitaji dayo geji, ile saa ya kupimia mchezo mdogo, yenye sumaku. Na ile nati inakazwa kwa nguvu kubwa, kilo 25 mpaka 33 kwenye mkono wa mita moja, halafu inapigwa ukingo wake iingie kwenye mfereji ili isifunguke. Sasa fundi anakuta beringi inacheza, anatafuta bomba refu anakaza mpaka mishipa inatoka, mchezo haupungui maana beringi yenyewe imelika njia zake, au unapungua kidogo anafurahi, siku chache baadaye inaanza kuvuma. Inayocheza ibadilishwe na sili zake, bomba lile lirudi palepale lilipotoka, la kushoto lisiende kulia, kwisha.

Pini ya chini nayo ni kiboko. Tumbukiza mtaimbo kati ya amu na nguzo ya shokapu uusukume taratibu, ukiona chuma kinaachana na mpira au pini inacheza ndani ya tundu basi hapo pana kazi. Katikati ya hiyo pini kuna kabari yenye nati inayoizuia isizunguke, na hiyo kabari na hiyo pini huwa zinaungana na nguzo kwa kutu mpaka inakuwa kama zimezaliwa pamoja, hasa gari zilizoishi Tanga, Mombasa au popote penye hewa ya chumvi. Usipige nyundo kwenye ncha yenye nyuzi, ncha inavimba na hapo ndio haitoki milele, tafuta kifaa cha kuivuta, mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa kabla, joto la wastani, na bado pini nyingi huishia kukatwa, kwa hiyo agiza pini mpya kabla hujaanza, sio baada. Na ukifunga bushi mpya za mpira usikaze nati za mwisho gari ikiwa inaning'inia, ishushe ikalie tairi zake ndio ukaze, vinginevyo mpira unaishi umejinyonga na unapasuka mapema. Hili hata kwenye Toyota ni hivyohivyo.

Tukija kwenye mchezo wa kuzunguka, huo ndio wenye kesi na difu, na ndio unaohitaji utulivu. Gari iwe kwenye stendi, gia frii, handibreki imepandishwa ili tairi zote mbili za nyuma zishikwe kweli, kama handibreki haishiki weka mtu kwenye breki. Ingia chini ushike propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi, karibu na difu uizungushe kushoto kulia. Lazima icheze kidogo, hiyo isikushtue, na hapa ndipo watu wanapodanganyika. Difu ya Z nyingi zilizouzwa nje ya Marekani ina meno ya 3.9, zile za Marekani zenye gia nne zina 3.364, maana yake propela inazunguka karibu mara nne tairi ikizunguka mara moja, kwa hiyo mchezo wa digrii moja tu kwenye hafu shafti zote mbili wewe kwenye propela unauona karibu digrii nne na unasema mamaa difu imekufa. Wakati uwazi wa kawaida kati ya kraunwili na pinioni ni kama sehemu moja au mbili za kumi za milimita kwenye jino, huo kwa mkono hauuoni vizuri. Kinachoonekana kwa mkono mara nyingi ni vingine.

Kwa hiyo angalia kimoja kimoja huku mwenzako anazungusha propela. Anza na krosi za propela yenyewe, shika upande mmoja na upande wa pili wa krosi, zikiachana hata kidogo hiyo imekwisha, krosi haina uwazi wa kuruhusiwa wa kuonekana kwa macho, na ukiona unga mwekundu wa kutu umetoka kwenye vikombe vyake hujahitaji hata kuitikisa. Kisha hafu shafti, krosi nne, mbili kila upande, hivyohivyo. Kisha yale meno ya katikati yenye gololi, shika pande mbili za shafti uzinyonge kinyume, zikicheza au ukiivuta ndani nje inakwamakwama badala ya kuteleza, gololi zimechimba njia zake, na karibu kila mara utakuta ule mpira unaofunika ulipasuka zamani na vumbi limeingia likawa msasa. Ukifungua shafti piga alama kabla hujaachanisha ili krosi za huku na huku zirudi zikitazamana vilevile, ukikosea utakuwa umetengeneza mtetemo mpya kwa mikono yako, na tandika kitambaa chini maana zile gololi zikidondoka kwenye mchanga wa gereji zetu huzipati.

Ukimaliza hapo na bado flenji ya difu, pale propela inapofungwa, inazunguka huku hafu shafti zote mbili zimetulia, sasa ndio mchezo uko ndani. Hata hapo usiseme kraunwili moja kwa moja, mara nyingi ni zile gia ndogo za katikati na washa zake ndizo zimelika, na hizo zinafungulika bila kugusa mpangilio wa pinioni kama fundi anajua anachofanya. Jaribu pia kuisukuma flenji ya pinioni juu na chini, ndani na nje, hapo isicheze kabisa, ikicheza beringi za pinioni zimeachia na hiyo difu usiendelee kuiendesha, meno yake yanakula vibaya kila siku.

Afu mafuta yake. Difu ya Z ya kawaida ni R180, maana yake kraunwili yake ina kipenyo cha milimita 180, na inachukua kama lita moja tu ya oili ya gia, SAE 90 ya daraja la GL-5. Lita moja ni kidogo sana, sili ikivuja kidogokidogo mwaka mzima umeshafika chini. Imwage kwenye beseni safi upitishe sumaku, ikitoka na tope jepesi la kijivu hiyo ni kazi ya miaka, ikitoka na vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole hiyo ni habari nyingine. Na kabla hujabadilisha sili angalia kile kipumulio cha juu kwenye kifuniko cha nyuma, kikizibwa na tope la barabara joto linasukuma oili itoke kwenye sili, unabadilisha sili mpya nazo zinavuja unamlaani muuza spea bure.

Sasa ule mpira wa pua, ambao kwa maoni yangu ndio muhimu kuliko vyote kwa yule anayesikia gu. Ukivuta gari kwa nguvu pua ya difu inataka kupanda juu, ukiachia inarudi chini, na ule mpira ndio unaoishikilia. Mpira ukipasuka katikati, pua inaruka mpaka mkanda wa juu uizuie, na ule mkanda ukiwa nao umechoka inagonga chini ya sakafu, ndani unasikia kama kuna mtu kapiga teke. Ni rahisi kuupima, weka mtaimbo kati ya kile chuma cha chini na pua ya difu unyanyue taratibu, mpira mzima unanyanyuka kidogo na kugoma, uliopasuka unafunguka kama mdomo na unaona mwanga upande wa pili. Mwingine umelowa oili iliyovuja kwa miaka mpaka umekuwa laini kama ugali mbichi hata kama haujapasuka, huo nao toa. Nenda nyuma ukague bushi za ncha za masharubu na zile nati zinazoyafunga kwenye difu. Zile Z za mwanzo kabisa, za kabla ya katikati ya 1971, difu ilikaa mbele zaidi kwa hiyo hafu shafti zimelala kwa pembe kuelekea nyuma, baadaye wakairudisha nyuma ili zinyooke, maana yake ukiwa na ya mwanzo krosi zako zinafanya kazi zaidi na unatakiwa kuzikagua mapema zaidi, na vyuma vya kuifunga difu ukiagiza hakikisha ni vya mwaka wa gari yako.

Kuhusu bushi ngumu za plastiki zinazoletwa kama ndio dawa ya kila kitu, mimi sizipingi kwenye gari ya mashindano, lakini mtu wa kutembelea Jumapili akifunga bushi ngumu kwenye difu kelele zote ambazo mpira ulikuwa unazimeza zitakuja ndani ya gari, na difu ileile iliyokuwa inavuma kidogo itasikika kama trekta, halafu anasema fundi kaharibu. Mpira mpya wa aina ya kiwandani unatosha. Na wanaokimbilia kufunga difu ya Subaru WRX STI, ni kweli nayo ni R180 na ina uwezo wa kuzuia tairi moja isizunguke bure peke yake, ila haikai hivihivi, shafti zake za pembeni si zile za Datsun lazima uunganishe, na ukishaifunga kumbuka kwamba vipimo vya kunyanyua tairi moja na kuizungusha, nitakavyovieleza hapo chini, havifanyi kazi tena kama zamani.

Kwa wenye gari za ekseli ya bomba, Ford Escort ile ya kina Hannu Mikkola aliyeshinda Safari 1972, au MGB ya Mwingereza, kazi ni fupi zaidi ila sio tupu. Hapo vuta tairi ndani na nje usikilize hafu shafti inagonga kiasi gani, kagua yu-bolti zinazoshika ekseli kwenye springi, bushi za macho ya springi, na kwenye MGB yenye rimu za waya kagua meno ya habu, ukishika breki au ukianza kwenda mbele na nyuma, yakigonga basi meno yamekuwa makali kama ya msumeno. MGB kugonga sana ni washa za gia ndogo ndani ya difu, inajulikana, inaweza kuishi nayo miaka.

Na dondoo kwa anayenunua, kujua kama difu iliyopo ndio ile muuzaji anayosema, nyanyua tairi moja tu, nyingine ibaki chini, gia frii, zuia hiyo ya chini kwa jiwe, zungusha ya juu mizunguko miwili kamili huku mtu anahesabu propela. Propela ikifika karibu na mizunguko minne una 3.9, ikiishia mitatu na robo na ushee una ile ya Marekani. Hii ni kwa difu ya kawaida isiyofungana. Hesabu hiyo haina gharama na imeshapunguza bei mbele ya macho ya muuzaji.

Kwa hiyo ombi langu Mhariri ni dogo, kwenye toleo lijalo la ukurasa huo ule mstari wa difu imekwisha muuondoe au muusahihishe, na kama mpiga picha wenu ataweza apige mvunguni kutokea nyuma, gari ikiwa kwenye stendi, ionekane masharubu, difu, hafu shafti zote mbili na ile pini ya chini, watu wengi wanaomiliki hizi gari hawajawahi kuona hizo sehemu hata siku moja. Akija Arusha nitamtafutia gari ya kupiga, mwenyewe ameshakubali, sharti lake ni namba ya gari isionekane.

Msomaji wenu, fundi, Arusha